Moyo wa Spika

Mama yake Spika alikuwa dobi, na chumba chao cha mbele kilijaa nguo za watu kuliko za wenyewe. Mashati yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, suruali zilirundikwa mezani zikingoja pasi, na mgeni aliyeingia kwa haraka alijikuta amekumbatiana na koti la mtu asiyemjua. Kila asubuhi kabla ya shule, Spika alivaa sare, akanywa chai amesimama, kisha akaenda kizingitini kufanya kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kuita.

"Suruali ya kinyozi tayari," aliita. "Kiraka hakionekani hata kidogo."

Sauti ilivuka barabara, ikapita juu ya kelele za pikipiki, ikaingia kwenye kibanda cha kinyozi. Kinyozi akatokeza kichwa, mkasi mkononi.

"Kilikuwa hakionekani," alisema. "Sasa mtaa mzima umekiona."

Watu wakacheka. Baba, fundi baiskeli aliyefanyia kazi zake pale pale barazani, akatikisa kichwa huku akijaza tairi upepo. Alikuwa na usemi wake kwamba binti yao hakuzaliwa, alitangazwa.

Ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mtaani na shuleni alikuwa Spika, na mwalimu mgeni aliposikia jina hilo alidhani ni la Spika wa bunge, mpaka alipomsikia mwenyewe akiomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sauti ile aliirithi kwa babu yake, baba wa mama, aliyekuwa kondakta wa mabasi ya safari ndefu tangu ujana wake hadi alipostaafu na kuhamia chumba cha nyuma pamoja na Bibi. Babu ndiye aliyemfundisha kuita bila kukwaruza koo. "Sauti itoke tumboni, mjukuu wangu," alimwambia. "Koo ni mlango tu. Usigombane na mlango." Na Spika alipofika darasa la sita, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwalimu wa darasa alimkabidhi kazi ya kusoma matangazo kwenye mkutano wa asubuhi. Babu alifurahi kana kwamba mjukuu wake amepewa basi zima aliendeshe.

Kisha, wakati wa likizo, Babu akafariki.

Alikuwa haumwi. Asubuhi ile Spika alimpelekea chai kwenye kiti chake uani, akamwita, na Babu hakuitika. Spika akacheka, maana Babu alipenda mzaha. Akaita tena kwa sauti yake yote, ile ya kuvuka barabara. Bibi ndiye aliyetoka ndani na kumshika bega. Daktari alisema baadaye kwamba moyo wa mzee ulikuwa na maradhi ya siku nyingi, ukasimama bila kumpa taabu.

Baada ya mazishi nyumba ilipoa. Mama, aliyezoea kuimba huku akipiga pasi, sasa alipiga pasi kimya. Spika alipomtaja Babu, Mama aliinuka na kwenda kufua nguo ambayo tayari ilikuwa safi. Basi Spika akaacha kumtaja. Alijiambia kwamba jina la Babu linamuumiza mama yake, na mtoto mwema hamwongezei mzazi maumivu.

Shule ikafunguliwa. Jumatatu moja Spika alisimama mbele ya wanafunzi wote, kipaza sauti mkononi, akisoma matangazo kama kawaida.

"Kimeokotwa kiatu kimoja cha mguu wa kushoto," alisema. "Mwenye mguu huo aende ofisini."

Shule nzima ikacheka. Katikati ya kicheko hicho moyo wake ukaanza kwenda mbio. Haukuwa mwendo wa mtu aliyepanda ngazi. Ulidunda mpaka masikioni, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, na nyuso zilizokuwa mbele yake zikaonekana ziko mbali, kama za watu waliosimama ng'ambo ya mto. Spika alijaribu kuvuta pumzi ikakataa kushuka. Wazo moja tu likamjia: ninakufa, kama Babu.

Kipaza sauti kilianguka kwa mshindo. Walimu wakamkimbilia, wakampeleka chumba cha walimu, wakampepea kwa ramani ya dunia iliyokuwa karibu. Baada ya muda moyo ukatulia, rangi ikarudi usoni, na Spika akabaki amechoka kama mtu aliyebeba maji tangu alfajiri.

Habari ilifika nyumbani kabla yake, na kila mtu alikuja na ugonjwa wake mkononi.

"Njaa hiyo," alisema kinyozi. "Mtoto anakunywa chai amesimama, inakwenda miguuni."

"Minyoo," alisema mama mmoja aliyekuja kuchukua mashuka yake. "Wangu alikuwa hivyo hivyo. Nikampa dawa, akapona, akavunja na dirisha."

Bibi alichemsha tangawizi na kumsimamia mpaka akamaliza kikombe. Baba alimtazama binti yake kwa muda mrefu, spana mkononi, akauliza kama kuna mtu shuleni anamwonea. Spika akasema hakuna. Mama hakuuliza kitu. Alimpapasa shingo na paji la uso, kisha akarudi kwenye pasi yake, na Spika akaona anapiga pasi shati ambalo tayari lilikuwa limenyooka. Ndipo alipoamua kufunga mdomo kabisa.

Lakini hofu haikufunga mdomo. Ilimjia tena dukani, alipokuwa kwenye foleni ya kununua sabuni. Ikamjia darasani wakati wa somo la hesabu. Spika akaanza kukwepa kila sehemu ambako hofu ilimfuata. Aliacha kwenda dukani. Aliacha kukimbia wakati wa michezo, kwa kuogopa kuuchosha moyo. Alimwambia mwalimu kwamba koo linamuuma na hawezi kusoma matangazo, na asubuhi kinyozi akawa anavuka barabara mwenyewe kuuliza nguo zake.

Shuleni hawakukosa la kusema. Bingwa, mvulana mwenye mbio kuliko wote darasani, ambaye maneno yake pia yalikuwa na mbio, alimpokea kila asubuhi kwa salamu mpya. "Spika imekata umeme," alisema siku moja. Siku nyingine alisema betri imeisha. Na siku moja alisema kwamba Spika ameanza kurukwa na akili, maana amemwona akijishika shingo na kuongea peke yake. Wengine wakacheka. Spika naye alijichekesha, kisha akaenda kukaa nje, nyuma ya darasa.

Aliyemfuata huko alikuwa rafiki yake, Sindano. Waliomwita hivyo hawakukosea: alikuwa mwembamba, na maneno yake yalichoma.

"Bingwa ni mjinga, lakini macho yake mazima," Sindano alisema. "Na mimi nimekuona. Unajipima nini shingoni?"

"Sijipimi kitu."

"Hata sasa vidole viko hapo."

Spika akavishusha vidole. Akatazama chini, akachora chora mchangani kwa kidole cha mguu, na mwishowe yakamtoka. "Nina moyo wa Babu. Sauti nilirithi kwake, na moyo pia. Najisikiliza ili nijue ukianza kusimama."

Sindano alikaa chini kando yake.

"Umemwambia nani?"

"Wewe. Na usimwambie mtu. Mama akijua atakufa kwa uchungu."

"Siri ya nani kachukua biskuti ya nani, nitakutunzia mpaka nizeeke," alisema Sindano. "Hii siiwezi. Hii ni ya wakubwa. Ama umwambie mama yako, ama nitamwambia mimi, na unajua mimi nikisema nasema vibaya."

Spika alimkasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani. Walipofika, Sindano hakuondoka. Alikaa barazani karibu na Baba, akajifanya anapenda sana minyororo ya baiskeli. Spika akaingia ndani. Mama alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mwalimu mkuu.

"Mama," alisema, "moyo ukisimama, unauma?"

Pasi ikatulia juu ya shati. Spika akasema yote, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia: mkutano wa asubuhi, foleni ya sabuni, vidole shingoni, moyo wa Babu. Mama alisikiliza bila kusogea, na moshi mwembamba ukaanza kupanda kutoka mezani.

"Mama, shati."

Mama akainyanyua pasi. Mgongoni mwa shati la mwalimu mkuu palikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi na tundu zake. Wakaitazama wote wawili. Kisha Mama akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka, na Spika hakujua amfuate wapi, kwa hiyo akafanya vyote viwili pamoja naye.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilidhani nitakuliza."

Mama akamvuta, akamkumbatia kati ya nguo za watu. "Na mimi nilikuwa silii mbele yako nisije nikakuliza wewe. Usiku silali, chakula hakipiti, nikisikia jina la baba yangu nakimbilia beseni. Kumbe mimi nimekunyamazia, wewe umeninyamazia, na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kumwacha peke yake."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia ya kutosha. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Na humu ndani kilio kimoja kinatosha. Kesho tunakwenda kituo cha afya."

Walikwenda watatu, Spika, Mama na Bibi, kwa sababu Baba alibaki kuwaeleza wateja kuhusu nguo, na hasa kumweleza mwalimu mkuu kuhusu shati. Daktari, mama mmoja mwenye mikono baridi na uso wa joto, alimsikiliza Spika moyo mbele na nyuma, akamlaza kitandani, akambandika nyaya kifuani, na mashine ikatoa karatasi yenye mistari kama milima midogo. Daktari akaisoma kwa utulivu.

"Moyo wako ni mzima," alisema. "Mzima kabisa. Maradhi aliyokuwa nayo babu yako huna."

Spika alingoja furaha, ikaja nusu. Nusu ya pili ilikuwa aibu. "Kwa hiyo, daktari, nilikuwa najifanya?"

"Hapana," alisema daktari, akavuta kiti akakaa ili macho yao yalingane. "Ulichokisikia ulikisikia kweli. Moyo ulikwenda mbio kweli, vidole vilikufa ganzi kweli. Ila chanzo hakiko kwenye moyo. Kuna mwenzangu chumba cha pili, yeye ni mshauri. Nataka umsimulie kama ulivyonisimulia mimi."

Mshauri alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Chumba chake hakikuwa na sindano wala harufu ya dawa. Kulikuwa na viti, meza ndogo, na dirisha lililotazama watu wakipanga foleni. Alisikiliza bila haraka. Spika alipofika kwenye asubuhi ya chai maneno yakakwama, na mshauri akamngoja mpaka alipoendelea mwenyewe.

"Sasa nikueleze," alisema mshauri. "Mwili una king'ora chake. Ukikutana na mbwa mkali, king'ora kinalia: moyo unakwenda mbio ili miguu ipate nguvu, pumzi zinaongezeka, unakuwa tayari kukimbia. Ni kitu kizuri, kinatuokoa. Lakini wewe uliona jambo zito, ukalibeba peke yako bila kumwambia mtu. King'ora chako kikawa chepesi kupita kiasi. Kinalia hata mbwa hayupo. Kelele ni ya kweli, hatari ndiyo haipo. Sisi tunaiita hofu ya ghafla. Huja kwa nguvu, hupanda, halafu hushuka yenyewe. Watu wengi inawapata, wakubwa kwa wadogo, na ina tiba."

Bibi alijisogeza kitini. "Samahani, mwanangu. Ndiyo kusema mjukuu wangu ana ugonjwa wa akili? Maana mimi ninaowajua ni wale wanaotembea barabarani bila nguo."

"Bibi, ugonjwa wa macho ni upofu peke yake?"

"Hapana. Kuna kuwashwa, kuna kutoona mbali, kuna mtoto wa jicho. Mimi mwenyewe hilo la kushoto linanisumbua."

"Na akili ni hivyo hivyo. Kuna wasiwasi uliopitiliza, kama huu. Kuna sonona: huzuni inayomkalia mtu wiki baada ya wiki, usingizi ukapotea, hamu ya kula ikapotea, hata alivyokuwa anavipenda havimpendezi tena. Kuna na maradhi makali zaidi, yanayomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Hao unaowaona barabarani nao ni wagonjwa, Bibi. Wanastahili matibabu, hawastahili kuchekwa wala kupigwa mawe. Yote haya yana msaada, na msaada ukija mapema ni bora."

Bibi akatafakari. "Basi nimekuwa nikiona upofu tu," alisema, "kuwashwa na mtoto wa jicho vyote vimenipita."

Mshauri akatabasamu, kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu neno sonona lilipotajwa.

"Na wewe, mama, usiku unalala?"

"Napiga pasi," alisema Mama.

"Basi nawe tutaongea. Kumlilia mzazi si ugonjwa. Ni upendo uliokosa pa kwenda. Lakini usiachwe peke yako nao mpaka ukugeukie."

Walirudi kwa mshauri mara kadhaa. Mama alikuwa na zamu yake na Spika yake, na siku nyingine waliingia pamoja. Spika alifundishwa kuvuta pumzi taratibu mpaka tumbo lijae, kisha kuitoa taratibu zaidi, kama anayepoza uji. Aligundua kwamba tumbo hilo ndilo lile lile alilofundishwa na Babu, na mshauri akasema Babu alikuwa mwalimu mzuri. Alifundishwa pia kutaja moyoni vitu anavyoviona wakati hofu inapomjia: ndoo, mlango, kuku, mwenye kuku. Na alifundishwa jambo gumu kuliko yote, kutokukimbia. Kila sehemu aliyoikwepa alitakiwa airudie, kidogo kidogo.

Sindano alijiteua kuwa kocha. Walianza na kuruka kamba uani, ili Spika auzoee tena moyo unaodunda kwa furaha. Kisha foleni ya sabuni. Siku ya kwanza Spika aligeuka mlangoni mwa duka akarudi nyumbani, na Sindano hakumcheka. Alisema tu kwamba mlango ameuona, kesho atauzoea. Siku ya pili alifika kwenye foleni, moyo ukaanza vituko, akasimama pale pale akitaja vitu. Kwa bahati mbaya alivitaja kwa sauti. "Ndoo, mizani, sabuni, mzee mwenye kipara," alisema, na mzee mwenye kipara akageuka. Walipotoka dukani walicheka mpaka wakakalia ukingo wa mtaro.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Jina la Babu lilirudi mezani. Baba alisimulia jinsi mzee alivyomsaili kabla ya kumkubalia posa, akimwuliza vituo vyote vya basi kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, na Mama akasahihisha alipokosea. Siku nyingine Mama alilia akisimulia, na hakuna aliyemkataza. Kazi ya uani wakagawana: Baba aliondoa grisi mikononi akaanika nguo, jambo lililompa kinyozi maneno ya wiki nzima. Mama alianza kulala. Asubuhi moja alianza wimbo huku akipiga pasi, akausahau katikati, akauanza upya.

Bibi ndiye aliyewapita wote. Alikuwa mjumbe wa mshauri bila kutumwa. Kwenye bomba la maji aliwauliza wanawake wenzake kama wanalala vizuri, na aliyesema halali hakuondoka na ndoo yake mpaka aeleze kwa nini. Mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga, ambaye watu walisema ana maringo kwa sababu hatoki nje, Bibi alimfuata nyumbani kwake, akamkuta analia bila kujua sababu, akamshika mkono mpaka kituo cha afya.

Ikafika siku ya michezo shuleni. Mwalimu wa darasa alimwita Spika pembeni.

"Nahitaji mtu wa kutangaza. Sikulazimishi. Ukichoka katikati, unanipa kipaza sauti, basi."

Spika akakubali. Wazazi walikuwa wamekuja wengi. Bibi alikaa mstari wa mbele chini ya mwavuli, Mama karibu yake. Mambo yalianza vizuri. Kisha, katika mbio za magunia, watu wakiwa wanapiga kelele, Spika akausikia: moyo, kifua, vidole. Uwanja ukaanza kwenda mbali. Alimtazama mwalimu, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mkono. Spika akatikisa kichwa. Akavuta pumzi mpaka tumboni, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mdomoni, uwanja mzima ukasikia upepo.

"Samahani," alisema. "Moyo wangu nao umeanza mbio, na hakuna aliyeuandikisha. Tuusubiri kidogo umalize."

Kicheko kilizuka, na hakikuwa kile cha Bingwa. Kilikuwa cha watu waliompenda. Spika akapumua tena, akataja kimoyomoyo: gunia, kamba, mwavuli, Bibi. Hofu ikapanda, ikafika kileleni, ikashuka kama alivyoambiwa. "Umemaliza," alitangaza. "Umeshika nafasi ya mwisho. Tuendelee." Na akaendelea.

Zikafika mbio za kupokezana vijiti, ambazo kila mtu alizisubiri. Darasa la sita lilimtegemea Bingwa kwa zamu ya mwisho. Spika akaita jina lake. Hakuonekana. Akaita tena kwa sauti ya kuvuka barabara, na moyo wake ukamwuma kidogo, kwa kuwa aliwahi kuita hivyo mtu asiitike. Akamkabidhi mwalimu kipaza sauti akaenda kumtafuta.

Alimkuta nyuma ya stoo ya shule, amekaa chini, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na mikono ameikumbatia kifuani.

"Usimwambie mtu," Bingwa alisema kwa shida. "Vidole sivisikii. Baba amekuja. Amesema nikishindwa leo nisirudi na uso wangu nyumbani. Kila mara kabla ya mbio huwa hivi, ila leo imezidi. Nimekusikia ulivyosema pale mbele. Ni hiyo hiyo?"

Spika alikuwa na majibu mengi ambayo angeweza kumpa. Betri, umeme, kurukwa na akili. Yote yalimpitia kichwani, na yote yalikuwa matamu. Akayaacha yapite. Akakaa chini kando yake.

"Nadhani ni hiyo. Haiui, ila inatisha, mshauri wa kituo cha afya ameniambia. Pumua na mimi. Toa pole pole, kama unapoza uji."

"Sipendi uji."

"Basi poza chai. Sasa niambie unaona nini."

"Ndoo," alisema Bingwa. "Fagio. Miguu yako. Ina vumbi."

"Ya kwako je?"

Bingwa akatazama miguu yake, na kwa mbali akacheka. Mwalimu wa darasa alipotokea kwenye kona, aliwakuta wanapumua pamoja. Hakuuliza kwa nini wamechelewesha mbio. Alichuchumaa mbele ya Bingwa, akasikiliza, akamwambia kwamba hakuna wa kumlazimisha kukimbia, na kwamba yeye mwenyewe ataongea na baba yake. Bingwa alifikiri kidogo, akasema anataka kukimbia, lakini kwa sababu anapenda kukimbia tu.

Alikimbia. Darasa la sita likashika nafasi ya pili, kwa nusu hatua, na Spika alizitangaza mbio zile kwa namna ambayo walioshinda walitamani wangekuwa wa pili. Baada ya kijiti cha mwisho, mwalimu aliketi na baba yake Bingwa kwenye benchi kwa muda mrefu. Mzee yule aliondoka amemshika mwanawe begani, na aliyekuwa akiongea njia nzima alikuwa mtoto, baba alisikiliza.

Jumatatu iliyofuata, kwenye mkutano wa asubuhi, Spika alimaliza matangazo, na mwalimu wa darasa akachukua nafasi yake. Hakutaja jina la mtu.

"Mwenzenu akivunjika mguu," alisema, "hamumwambii ajikaze atembee. Mnambeba. Akiwa na homa hamsemi anajifanya. Akili nayo ni sehemu ya mwili, nayo huchoka, nayo huumia, na nayo hutibiwa ikapona. Mwenye hofu isiyomwachia au huzuni isiyoondoka si mwoga, wala hana kichaa, wala hajalaaniwa. Anaumwa. Basi ukiumwa, sema. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu, mwambie rafiki mwenye masikio. Na wewe unayeambiwa, funga kicheko, fungua masikio, umpeleke kwa anayeweza kumtibu. Hilo halihitaji daktari. Kila mmoja wenu hapa anaweza kulifanya leo."

Kisha, kutoka mstari wa darasa la sita, Bingwa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mshauri wa kituo cha afya anapatikana siku gani?"

Mwalimu hakujua. Lakini Spika alijua, na hakuhitaji kipaza sauti.